Sigara Langoni mwa Shule: Haki ya Mzazi Katika Sheria za Kenya

Mzazi ampelekaye mwanawe shule, akaona kando ya lango kibanda kiuzacho peremende na madaftari, na katika rafu ya kibanda hicho hicho pakiti ya sigara iliyokwisha funguliwa ili ziuzwe moja moja, aghalabu hughadhibika, kisha hunyamaza kwa kudhani kwamba biashara yenye leseni ya kaunti haigusiki. Dhana hiyo ni batili. Walakini atakaye kuidai haki yampasa ajue kwanza ni sheria ipi aishikayo, kwa kuwa tumbaku, vileo na bangi vina sheria tatu mbalimbali, na mwenye kuzichanganya huweza kushindwa ilhali haki i upande wake.

Tuanze na tumbaku. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 yatazama umri wa mnunuzi na namna ya kuuza. Ni kosa kumwuzia au kumpa sigara mtu asiyetimiza miaka 18, na udhuru wa muuzaji kwamba mtoto ametumwa na babaye haumwokoi, kwani sheria haikuuliza sigara itavutwa na nani bali imeuliza ni nani aliyeuziwa. Sheria hiyo imekataza pia kuuza sigara moja moja, kwa sababu bei ya sigara moja ndiyo iliyo karibu na senti za mwanafunzi, na imepiga marufuku matangazo ya tumbaku. Basi bango la sigara ubavuni mwa kibanda nalo ni hujja ya kushitakia. Wala mzazi asitishwe na ukubwa wa makampuni: kanuni zilizotungwa mwaka 2014 chini ya sheria hii zilipingwa mahakamani na kampuni ya British American Tobacco, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2019 iliipa serikali ushindi.

Amma zile mita 300 ambazo watu huzitaja sana, hizo zimo katika Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo imeagiza kwamba baa iombayo leseni iwe mbali na shule za watoto kwa kadiri hiyo. Aendaye kulishitaki duka la sigara kwa hoja ya mita 300 ataulizwa kifungu asikione; afadhali ashike umri wa mnunuzi na uuzaji wa sigara moja moja.

Bangi haina umbali wala umri. Chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, kuiuza ni jinai, iwe kwa msokoto au imefichwa katika biskuti, na hakuna leseni ya biashara iwezayo kuihalalisha.

Ukishaijua sheria, fuata njia yake. Andika tarehe, saa na kitu ulichokiona kikiuzwa, wala usimtume mtoto kununua kwa nia ya kumnasa muuzaji, na usishiriki kuvunja kibanda cha mtu, maana hapo mshitakiwa utakuwa wewe. Kwa habari ya sigara, peleka barua kwa afisa wa afya ya umma, na nakala kwa idara ya biashara ya kaunti na kwa bodi ya shule. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti leseni za biashara na pia udhibiti wa dawa za kulevya, hivyo haziwezi kusema kwamba kadhia hii si yao. Kwa habari ya bangi, piga ripoti polisi na usiondoke pasi na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Waogopao kwenda kituoni waweza kuipigia NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, kwa 1192, na penye mtoto aliye hatarini, simu ya watoto ni 116. Barua zisipojibiwa, Ibara ya 37 ya Katiba yakupa haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, na Ibara ya 22 yakuruhusu kwenda mahakamani kutetea haki za mtoto bila kutozwa ada ya kufungua shauri.

Na lau mwanao mwenyewe atakamatwa na msokoto mfukoni, fahamu kwamba Ibara ya 53 imeyatanguliza maslahi ya mtoto, na imeagiza kwamba asizuiliwe ila njia nyingine zikishindikana, tena kwa muda mfupi kabisa na mbali na watu wazima. Nenda kituoni upesi uidai haki hiyo kwa upole na kwa uthabiti.

Basi enyi wazazi, msingoje sheria mpya ilhali hizi zilizopo hazijatumiwa: katika mkutano ujao wa shule, pendekezeni barua moja iandikwe, itiwe sahihi na wazazi wote, na ipelekwe kwa afisa wa afya.