Habari za Magazeti na Vitabu katika Nchi ya Tanga

Mtu ashikapo kitabu huuliza jina la mwandishi, lakini ni nadra kuuliza kilipigwa chapa wapi, kwa gharama ya nani, na kwa sababu gani. Maswali hayo yafaa sana, hasa kwa walimu na wote wasomao mbele ya watu. Katika somo hili tutautazama mji wa Tanga na nchi iliyo nyuma yake, Bonde na Usambara, kwa kuwa huko gazeti la Kiswahili lilipata nguvu mapema kuliko mahali pengi pa bara letu.

1. Kabla ya mtambo. Watu wa Tanga hawakungoja Wazungu ili wajue kuandika. Waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: barua, hati za mashamba, na tenzi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa Tanga, alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi katika pwani, vilivyoanza mwaka 1888. Kazi kama hiyo ilinakiliwa kwa mkono, ikasomwa kwa sauti barazani. Nakala zilikuwa chache. Mwenye nakala akifa, au nyumba ikiungua, maneno hupotea pamoja na karatasi.

2. Mtambo wa Magila. Mwaka 1888 wamisionari Waingereza wa UMCA walianzisha gazeti la Msimulizi huko Unguja. Katika miaka ya 1890 wenzao wa Magila, katika nchi ya Bonde, wakatoa gazeti lao, Habari za Mwezi. Mtambo wa Magila ulifanya na kazi nyingine kubwa. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, Mwislamu, alikuwa ameandika habari za ukoo wa Wakilindi, watawala wa Usambara. Wamisionari wale walikipiga chapa kitabu chake, Habari za Wakilindi, sehemu baada ya sehemu, na sehemu ya mwisho ikatoka mwaka 1907. Mwandishi hakuwa wa dini yao, wala habari zenyewe hazikuwa za dini yao. Hata hivyo waliona kwamba wazee waliojua mambo hayo wanakwisha. Kitabu hicho kikapigwa chapa tena mwaka 1962, nasi leo tunajua mengi ya Usambara ya kale kwa sababu yake.

3. Kiongozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wadachi walifungua shule Tanga. Humo vijana walifundishwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kizungu, nao hawakufundishwa dini ya Kikristo. Kwa hiyo Waislamu hawakuogopa kuwapeleka watoto wao. Serikali ilikuwa na haja ya makarani, walimu na maakida wawezao kusoma amri na kujibu barua. Shule ilikuwa na mtambo wake wa kupigia chapa, na yapata mwaka 1904 ukatoka hapo Kiongozi, gazeti la kila mwezi. (Tusilichanganye na Kiongozi la Wakatoliki, lililoanza mwaka 1950.)

Kazi ya Kiongozi yastahili kupimwa kwa haki. Lilikuwa gazeti la serikali, nalo halikuipinga serikali. Alipaye karatasi ndiye achaguaye yatakayoandikwa juu yake. Lakini wale waliokwisha kusoma Tanga walitawanyika katika boma za bara, na kutoka huko walileta barua: habari za mvua na njaa, za safari, za wageni waliofika, na mashairi pia. Mwalimu aliye mbali na pwani alisoma habari za mwenzake asiyemjua, akamjibu kwa lugha moja. Hivyo Kiswahili cha herufi za Kizungu kilizoeleka bara miaka mingi kabla ya Halmashauri ya Lugha kuundwa mwaka 1930.

Nguvu ya gazeti hilo iliwaamsha wengine. Wamisionari waliona kwamba watu wao wanasoma gazeti lisilonena neno la Kikristo. Basi mwaka 1910 misioni za Kiinjili zikatoa Pwani na Bara huko Dar es Salaam, na mwaka huohuo Wakatoliki wakatoa Rafiki Yangu. Kisha ikaja vita. Tanga ilishambuliwa Novemba 1914, na Julai 1916 Waingereza wakautwaa mji. Kiongozi likanyamaza. Serikali mpya ilipotoa gazeti lake, Mambo Leo, mwaka 1923, ililitoa Dar es Salaam, siyo Tanga.

4. Vuga na Usambara. Wamisionari wa Kilutheri walifika Usambara mwaka 1891, na baadaye mtambo wa Vuga ukawa chemchemi ya vitabu vya makanisa na shule zetu. Katika nchi hiyo alifanya kazi Karl Roehl, aliyeifasiri Biblia akisaidiwa na Martin Nganisya na Andreya Ndekeja. Agano Jipya lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937. Roehl alijitahidi kuyaepuka maneno mengi yenye asili ya Kiarabu na kutumia ya Kibantu. Wengine wa bara walifurahi. Watu wa pwani waliona ugeni katika lugha yao wenyewe. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Union, nayo ikaenea kuliko ile. Hapa twajifunza kwamba mfasiri huchagua neno, lakini wasomaji ndio waamuao kama litaishi.

5. Waandishi wengi, mitambo mbali. Martin Kayamba, Mbondei, aliyeanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika hapo Tanga mwaka 1922, aliandika habari za safari yake ya Uingereza. Kitabu kikapigwa chapa London. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, alitoa Pambo la Lugha Johannesburg, na Kusadikika London mwaka 1951. Tazameni: maneno yametoka Tanga, lakini iliyaweka pamoja mitambo ya nchi za mbali. Mwandishi asiye na mtambo karibu hungoja hukumu ya mtu asiyeijua baraza yake, na miswada mingine hufa ikingoja.

Basi tuseme nini? Gazeti lahitaji mambo matatu kwa wasomaji wake. Walinunue, kwa maana karatasi na wino havipatikani kwa shukrani. Waliandikie, kwa maana Kiongozi liliishi kwa barua za walimu wa mbali. Walitunze, kwa maana magazeti mengi ya zamani yameliwa na mchwa au yamefungiwa karanga sokoni. Katika kila usharika yapasa kuwa na sanduku moja lenye kufunika vizuri, nakala za mwaka zishonwe pamoja, zikae mahali pakavu. Tena wazee wajuao habari za mwanzo wa usharika waulizwe sasa, na majibu yao yaandikwe pamoja na mwaka na mahali. Abdallah bin Hemedi hakungoja, na watu wa Magila hawakungoja.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini kitabu cha Mwislamu kilipigwa chapa na misioni? Sisi tungefanya vivyo hivyo?
2. Kiongozi lilifaidia nini, na lilizuiliwa na nini?
3. Katika usharika wenu, ni habari gani ambayo imebaki kwa mzee mmoja tu? Ni nani atakayeiandika, na lini?