Nyumba ya Wageni ya Kisoro

Toka Uvira, njia inapanda bonde la Ruzizi mpaka Bukavu. Ukiendelea kaskazini utapita Goma na Rutshuru, kisha utafika Bunagana, penye mpaka wa Uganda. Ng'ambo ya mpaka, chini ya mlima Muhavura, uko mji wa Kisoro. Hapo, mwaka 1955, Mjerumani Walter Baumgärtel alishika nyumba ndogo ya wageni kando ya barabara. Jina lake ni Travellers Rest, maana yake Pumziko la Wasafiri.

Wasafiri walikuwa wachache. Walilala usiku mmoja, asubuhi wakaenda zao. Baumgärtel alitafuta jambo la kuwafanya wakae.

Katika milima ile waliishi gorila. Mwaka 1902 ofisa mmoja Mjerumani aliwapiga risasi wawili juu ya mlima Sabinyo. Baumgärtel alitaka wageni wawatazame wakiwa hai. Alijaribu kuwavuta kwa chakula, lakini gorila hawakukijali. Basi wageni walipanda kwa miguu, wakiongozwa na Reuben Rwanzagire, aliyejua kufuata nyayo zao. Pole pole habari zilienea. Wataalamu nao walikuja: George Schaller mwaka 1959, na Dian Fossey mwaka 1963.

Mwaka 1967 Fossey alikuwa akiwachunguza gorila msituni Kabara, katika Kongo. Mwezi wa Julai askari wa kukodiwa waliasi, vita vikafika hata Bukavu. Fossey alikimbia, akavuka mpaka, akaja kwa Baumgärtel. Safari hii hakuja kutembea. Alikuja kuokoa maisha yake. Baumgärtel akampokea. Mwezi wa Septemba Fossey alianza kazi yake upya huko Karisoke, katika Rwanda.

Baumgärtel aliondoka Uganda mwaka 1969. Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watoto, mwenye nyumba ya wageni hupata fedha kwa msafiri mwenye raha. Lakini wema wake hujulikana siku anapobisha mtu mwenye hofu.

MASWALI
1. Kwa nini Baumgärtel alitafuta jambo la kuwavuta wageni?
2. Ofisa wa mwaka 1902 na Baumgärtel walitofautiana kwa nini?
3. Fossey alifika Kisoro kwa sababu gani mwaka 1967?
4. Mgeni akibisha kwenu usiku, mtampokeaje?