KUCHORA MAUA NA NDEGE KWA RANGI ZA MAJI
Somo kutoka Kisiwa cha Rusinga

Wako watu wengi wanaodhani ya kuwa kuchora maua ni mchezo wa watoto, au ni kazi ya wale waliokwisha kushiba na wasio na la kufanya. Katika somo hili twataka kuonyesha ya kuwa sivyo. Mchoro wa ua uliofanywa kwa uangalifu ni maandishi, tena ni maandishi ambayo mtu wa taifa lo lote aweza kuyasoma bila mkalimani.

Tumechagua Rusinga kwa sababu mgeni avukaye daraja kutoka Mbita hatarajii kukuta huko kitu cha kuchora. Ataona vilima vikavu, mawe na jua kali; miti mingi ya zamani ilikatwa kwa kuni na makaa. Lakini na akae siku mbili tu katika mji wa mtu. Ataona ua wa nyumba umezungushiwa mimea ambayo Wajaluo huiita nyabend winy, yenye vishada vidogo vya maua ya manjano na mekundu pamoja. Ataona maua ya haibiskasi yakifunguka asubuhi na kufumba jioni. Ataona ndege aitwaye chozi akining'inia katika maua hayo kunyonya asali. Na chini pwani ya ziwa ataona mafunjo, na minana wa manjano wakisuka viota vyao kwa kelele nyingi kuliko soko la samaki.

Tena kisiwa hiki kina historia yake katika jambo hili. Mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1948, Bibi Mary Leakey aliona huko fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, aliyeitwa wakati ule Proconsul (tangu mwaka wa 2015 wataalamu wengi humwita Ekembo), ambaye aliishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Katika udongo huo huo zimepatikana mbegu na matunda ya miti ya zama zile, yote yakiwa yamegeuka mawe. Bibi Leakey hakuingia katika elimu ya mambo ya kale kwa mlango wa chuo kikuu. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, naye binti alianza kazi kwa kuchora vyombo vya mawe kwa ajili ya vitabu vya wataalamu wengine. Jicho lililozoea kufuata ukingo wa jiwe kwa kalamu ndilo lililoweza baadaye kutambua kipande cha mfupa katika mteremko uliojaa kokoto.

Mfano wa pili ni Bibi Joy Adamson, aliyekuja Kenya mwaka wa 1937. Wengi wamjua kwa habari za simba Elsa, lakini kabla ya simba kulikuwa na maua. Bwana Peter Bally, aliyekuwa mumewe wakati huo, alikuwa mtaalamu wa mimea katika jumba la makumbusho la Nairobi, na yule bibi alichora kwa rangi za maji mimea waliyoikusanya safarini. Michoro yake mingine ilitiwa katika kitabu cha kilimo cha bustani cha Afrika ya Mashariki kilichohaririwa na Jex-Blake. Ua lililokaushwa kati ya karatasi hupoteza rangi yake na unene wake. Mchoro huhifadhi yale ambayo ua kavu limeyapoteza, na ndiyo sababu wataalamu wangali wakiwataka wachoraji hata baada ya picha za kamera kuenea kila mahali. Kamera huchukua kila kilicho mbele yake, kivuli pamoja na jani, lakini mchoraji huchagua.

Basi tuje kwenye vyombo. Rangi za maji si kitu cha ajabu: ni unga wa rangi uliosagwa laini na kuchanganywa na gundi ya mti wa jamii ya mgunga, gundi ile ile iuzwayo kwa wingi kutoka Sudan. Maji yakiyeyusha gundi, rangi hutembea. Maji yakikauka, rangi hushika karatasi. Usinunue kisanduku chenye rangi ishirini. Rangi nne zatosha kwa kuanza: manjano, nyekundu, buluu na kahawia. Fedha utakayookoa, itumie katika karatasi nene, kwa maana karatasi nyembamba ya daftari hujikunja kama jani la muhogo juani mara tu iguswapo na maji. Burashi mbili zatosha, moja nene na moja yenye ncha kali. Sahani nyeupe ya bati yafaa sana kuchanganyia rangi. Maji ya ziwa yachujwe kwa kitambaa, la sivyo utakuta tope limekauka katikati ya ua lako jeupe.

Tofauti kubwa kati ya rangi hizi na rangi za mafuta ni hii: weupe wako ni karatasi yenyewe. Huwezi kuweka rangi nzito leo na kuing'arisha kesho. Kwa hiyo anza na rangi nyepesi kabisa, iliyojaa maji, ukiacha wazi kila mahali ambapo nuru inapiga. Ngoja ikauke. Kisha ongeza tabaka la pili penye kivuli, na la tatu penye kivuli zaidi. Katika joto la Nyanza rangi hukauka upesi mno na kuacha mistari migumu, basi fanya kazi asubuhi na mapema, chini ya kivuli, na ulowanishe karatasi kidogo kabla ya kupaka eneo kubwa. Rangi nyeusi ya dukani iache dukani. Ukichanganya buluu na kahawia utapata weusi wenye uhai.

Sasa tuchukue ua moja tulifanyie kazi. Hatutachagua waridi. Tutachagua ua la gugu maji.

Najua ya kuwa mvuvi ye yote asomaye maneno haya atakunja uso. Mzee mmoja alimkuta mwandishi wa somo hili ameketi ufukoni akilichora, akauliza kwa hasira, “Mwanangu, mwizi naye hupigwa picha ya kupendeza?” Alikuwa na haki ya kuuliza. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulisambazwa duniani na watu walioupenda kwa uzuri wake, wakiupanda katika madimbwi ya bustani. Ukatoroka bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umekwisha kuonekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 ulifunga ghuba nzima hata mashua zikashindwa kutoka, na nyavu zikapotea chini yake. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kulichora, na kulichora kwa ukweli.

Ng'oa mmea mzima, uuweke katika beseni la maji. Usikate ua peke yake. Kwanza chora umbo lote kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza. Ua lina petali sita za rangi ya urujuani hafifu. Petali ya juu ina doa la buluu, na ndani ya doa hilo kuna alama ya manjano iliyo kama jicho. Anza na manjano hiyo, uiache ikauke kabisa, maana buluu ikiigusa ingali mbichi utapata kijani, na kazi imeharibika. Fanya haraka, kwa sababu ua halidumu. Baada ya siku moja au mbili shina lake huinama.

Kisha shuka kwenye vikonyo vya majani. Vimevimba kama vibuyu vidogo. Kata kimoja kwa kisu, uone ndani yake jinsi kilivyojaa vyumba vya hewa. Hapo utakuwa umejua kwa nini mmea huu hauzami. Kichore pembeni mwa karatasi hicho kilichokatwa. Chora pia mizizi, ambayo ni meusi-meusi na laini kama manyoya, na usisahau ule mkono mwembamba unaotoka kwa mmea mama na kuzaa mmea mtoto ubavuni. Kwa mkono huo gugu laweza kuongezeka maradufu katika majuma machache. Mtu aliyekwisha kuuchora haachi tena kipande chake ndani ya maji anaposafisha mwalo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo hupima uaminifu wa mchoraji. Juu ya majani mengi utaona makovu madogo ya mraba, ya rangi ya kahawia. Mwanafunzi hutaka kuyaacha ili jani lake lipendeze. Asiyaache! Makovu hayo ni alama za meno ya kidudu mfano wa fukusi, ambaye naye ametoka Amerika ya Kusini, na aliyeachiliwa katika upande wa Kenya wa ziwa mwaka wa 1997 ili ale gugu hili. Gugu lilipungua sana miaka iliyofuata, ingawa limerudi mara kwa mara. Mchoro wenye makovu huonyesha ya kuwa kidudu yupo mahali pale, siku ile. Mchoro usio nayo, hali jani lilikuwa nayo, ni uongo, hata ukipendeza namna gani.

Nilimwonyesha yule mzee mchoro ulipokwisha. Aliutazama kitambo, akaweka kidole juu ya ule mkono unaomzaa mtoto, akasema, “Kumbe hapa ndipo.” Kisha akaenda zake.

Kuhusu ndege nitasema machache, kwa kuwa ndege hakai kungoja burashi. Anza na mdiria mweusi-mweupe, yule avuaye samaki kwa kuelea angani mahali pamoja kabla ya kupiga mbizi. Hana rangi za kukutatiza, na kuelea kwake hukupa nafasi ya kumtazama. Hesabu mikanda myeusi kifuani: dume anayo miwili, jike mmoja. Chozi mwenye kifua chekundu ni mgumu zaidi, maana kijani cha mgongo wake hugeuka buluu kila anapojigeuza. Usijaribu kuweka rangi hizo zote. Chagua kimoja, acha doa jeupe la karatasi mahali panapometa, na upande wa kivuli upake weusi ule tuliouchanganya.

Mchoro ukishakauka, uweke ubapa mahali pasipofikwa na jua wala mchwa, usiukunje, wala usiufunge katika gazeti, kwa maana karatasi ya gazeti huacha umanjano. Nyuma yake andika kwa kalamu ya risasi jina la mmea au ndege katika lugha ya kwenu, mahali ulipomwona, siku, mwezi na mwaka, na kama mvua ilikuwa imenyesha.