Pinocchio Asiye na Kosa



Vijana wapendwa, leo tuongee kuhusu filamu. Likizo iliyopita kijana mmoja parokiani aliniuliza, "Frateri, kwa nini katuni za zamani zikirudiwa na waigizaji wa kweli zinakosa ladha?" Nikamjibu harakaharaka: tamaa ya pesa. Kwa kweli lilikuwa jibu la kivivu. Nimelifikiria tena baada ya kuangalia Pinocchio mbili, jioni mbili mfululizo: katuni ya Disney ya 1940, na ile ya 2022 iliyoongozwa na Robert Zemeckis, Tom Hanks akiwa mzee Geppetto.

Hadithi mnaijua. Mzee anachonga mtoto wa mbao, mtoto anapewa uhai, na anaahidiwa kuwa mtoto wa kweli akijionyesha jasiri, mkweli na asiye mbinafsi. Pembeni yake yupo nyenje, Jiminy Cricket, aliyepewa kazi ya kuwa dhamiri yake.

Sasa angalieni tofauti. Mwaka 1940 Pinocchio anatumwa shule, njiani anadanganywa kwamba atakuwa nyota wa jukwaani, naye anakwenda mwenyewe, anacheka na kuimba. Mwaka 2022 anafika shuleni vizuri kabisa, ila mwalimu anamfukuza kwa sababu ni wa mbao. Kwenye kisiwa cha starehe, yule wa zamani anavuta sigara na kunywa bia mpaka anaota masikio ya punda. Huyu mpya anapewa kinywaji kisicho na kilevi. Na pua je? Katika katuni, kila uongo unairefusha mpaka inaota majani na kiota cha ndege, na aibu inakuwa wazi kwa wote. Katika filamu mpya, pua ndefu ndiyo inayomfikishia ufunguo akiwa kifungoni. Yaani uongo unamsaidia kutoka!

Watengenezaji walitaka tumpende, nadhani, wakamfutia makosa. (Katika kitabu cha Carlo Collodi, Mwitaliano aliyekitoa mwaka 1883, Pinocchio anamuua nyenje kwa nyundo. Disney wa 1940 tayari walikuwa wamempunguzia makali.) Mulan naye yamemkuta hayohayo: wa 1998 anashindwa kambini mpaka anaambiwa arudi kwao, ndipo anagundua namna ya kupanda ile nguzo; wa 2020 amezaliwa na nguvu zake tayari.

Lakini mwisho ndio uliniuma. Mwaka 1940 Pinocchio anamvuta Geppetto hadi ufukweni na yeye mwenyewe anakufa. Ndipo anafufuka, mtoto wa kweli. Mwaka 2022 Pinocchio halipi gharama hiyo. Geppetto ndiye anayelala kama mfu, chozi la Pinocchio linamwamsha, kisha tunaachwa bila kuonyeshwa wazi kama mtoto alibadilika. Baba anampenda alivyo, basi.

Mtaniuliza: si kweli kwamba Mungu anatupenda tulivyo? Ni kweli. Katika Luka 15 baba anakimbia kumkumbatia mwanawe kabla hajaoga harufu ya nguruwe. Ila hamwachi na harufu ile, anamvika vazi jipya. Tena yule kijana hakuja akisema alifukuzwa nyumbani. Alisema amekosa. Katika falsafa tunasoma kwamba mbao inaweza kuwa kiti au mlango, lakini haina ndani yake uwezo wa kuwa mtoto. Hilo ni lazima litoke nje yake, kama zawadi. Asiyekuwa na kosa wala upungufu utampa zawadi hiyo ya nini?

Nilijiona mwerevu sana kwa hoja hiyo. Wiki hiyohiyo nikaenda kuungama. Nikaanza kama kawaida yangu: wenzangu walinichokoza, nilikuwa nimechoka, mitihani ilikuwa karibu. Padre akasikiliza yote, akauliza taratibu, "Na wewe, mwanangu, ulifanya nini?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimejisimulia kama Pinocchio wa 2022, mtoto mzuri aliyefukuzwa na mwalimu mbaya. Nikaanza upya: nilimsema mwenzangu vibaya kwa mlezi, nikijua si kweli. Sentensi moja tu, na ilinitoa jasho kuliko mtihani wa Metafizikia.

Jioni, baada ya Masifu, nikaenda kugonga mlango wa yule mwenzangu.