Mnyapara na Genge Lake: Mafunzo ya Reli ya Bungoma na Kitale

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi kubwa za uhandisi hutegemea mitambo na fedha tu. Historia ya reli ipitayo Bungoma, pamoja na tawi lake lililofika Kitale mwaka 1926, yaonyesha neno jingine.

Njia hiyo ilifika Eldoret mwaka 1924, baada ya kuvuka kilele cha Timboroa kilicho juu ya futi 9,000. Kisha ikaendelea kupita Bungoma hata ikafika Kampala mwaka 1931. Wahandisi walioipima husifiwa, na ni haki yao. Lakini walipokwisha kwenda zao, njia iliachwa mikononi mwa wanyapara na magenge yao.

Kila genge hupewa kipande chake cha njia. Jambo hili laonekana dogo, kumbe lina hekima. Taruma likilegea katika kipande chenye mpaka, yajulikana mara moja ni nani wa kuulizwa, na wenye kipande huona aibu kabla hawajaulizwa.

Itazamwe kazi ya kubadili reli moja. Kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, mnyapara hutuma watu wawili wenye bendera nyekundu, mmoja kila upande, mbali kiasi cha garimoshi kupata kusimama. Kisha hugawa kazi: hawa wang'oe misumari, hawa wainue, hawa washindilie kokoto. Yeye mwenyewe hushika kipimo, kwa kuwa upana wa njia hii ni mita moja, na kosa dogo laweza kuangusha behewa. Mnyapara aliyekuwa fundi hodari hutamani sana kunyakua nyundo amwonapo kijana akipiga vibaya. Akiinyakua atasifiwa kwa nguvu zake, lakini hatabaki mtu wa kuangalia saa wala njia nzima.

Lililo gumu kupita yote ni habari mbaya. Mfanyakazi aliyeona ufa katika reli, naye anaogopa kukemewa, hunyamaza; na garimoshi lenye abiria halitamngoja apate ujasiri. Kwa hiyo limpasalo mnyapara kwanza ni kuuliza ufa uko wapi, wala si nani aliyeusababisha. Hayo ya pili yaweza kungoja hata jioni.

Kazi ya viwandani ni vivyo hivyo. Kampuni ya sukari ya Nzoia, huko Bungoma, ilianzishwa mwaka 1975, na mafundi wa kinu chochote cha miwa huwa na zamu za mchana na za usiku. Zamu itokayo isipoandika kwamba beringi fulani ilikuwa ikipata moto, zamu iingiayo itaigundua kwa moshi. Ndiyo maana wakuu wa zamu walio waangalifu hawapeani habari langoni huku mmoja akikimbilia basi, bali hukutana kando ya mtambo wenyewe, kitabu mkononi, na yule aingiaye huugusa kwa mkono wake kabla ya kutia sahihi.