Saa ya Kwanza na Mteja Mpya

Mshauri nasaha anayepokea wateja Mbweni, wilayani Kinondoni, anajibu maswali ya wenzake wanaoanza kazi.

Mteja ameshaketi, ananitazama. Naanzia wapi?

Kwenye salamu, wala usiiharakishe. Kama aliyeingia ni rika la mama yako, shikamoo inatoka kwako, hata kama shahada yako imetundikwa ukutani. Kisha muulize anapenda umwiteje. Wapo wanaotaka Mama Fulani kama walivyozoea mtaani, na wapo waliokuja kwako hasa kwa sababu wamechoka kuwa Mama Fulani kutwa kucha.

Halafu mweleze amekuja wapi. Wengi wetu tulianza kusikia habari za ushauri nasaha kupitia UKIMWI: vituo vya Angaza vilivyoanza mwaka 2001, kisha kampeni ya upimaji ya Julai 2007, ambapo Rais Kikwete alipima hadharani. Kule uliongea na mnasihi, ukatolewa damu, ukapewa majibu, ukaenda zako. Mteja wa umri fulani bado anakuja na matarajio hayo. Saa ikiisha bila majibu, anahisi ametapeliwa, na harudi. Kwa hiyo mwambie mapema kwamba leo mnafahamiana na kuelewa lililomleta, na kwamba huenda mkaonana mara kadhaa. Ukifanikisha hilo tu siku ya kwanza, umefanya kazi. Vijana wetu wengi waliotoka chuoni wanataka kumponya mtu kabla chai haijapoa.

Nimwahidi siri?

Siri yenye mipaka, na mipaka uitaje kabla hajaanza kusimulia. Mimi husema hivi: "Utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini, mtoto anaumizwa, au mahakama ikiniamuru." Ukingoja amalize kusimulia ndipo utoe masharti, umemtega. Kuhusu watoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Ipo pia namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Lakini siri inayovuja huku kwetu mara nyingi haivujii mahakamani. Inavujia kwenye simu. Muulize nani mwingine anaishika simu yake, na ukimpigia akapokea mtu mwingine ujitambulishe vipi. Ujumbe wa kumkumbusha miadi usitaje huduma. Na malipo ya simu je? Ujumbe wa muamala unabeba jina la aliyepokea. Kama namba yako imesajiliwa kwa jina la kituo cha afya ya akili, mwenza akiusoma ameshajua. Mpe nafasi ya kulipa taslimu.

Mbweni nayo si kubwa kiasi hicho. Mtakutana msikitini, kanisani, kwenye bajaji ya kwenda Tegeta. Mwambie kwamba nje ya chumba hutamsalimu mpaka aanze yeye. Usipomweleza, atadhani umemdharau, maana kwetu kumpita mtu unayemjua bila salamu ni tusi.

Maandishi yako yafungie kabatini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na daftari linalozunguka nawe kwenye mkoba halina ulinzi wowote.

Mama amemleta mwanawe wa miaka 22 na anataka kukaa ndani.

Kaa nao wote wawili dakika kumi. Mama aseme lililompa wasiwasi, kijana asikie. Kisha, kijana akiwa hapo hapo, mwambie mama yapi utamshirikisha na yapi hutamshirikisha, umshukuru, umtoe. Utaambiwa, "Ada nalipa mimi." Ni kweli, analipa yeye. Kijana ni mtu mzima na habari zake ni zake. Na mama akitoka usimuulize kijana "una tatizo gani?" Muulize kama angekuja mwenyewe asingeletwa. Wengi watakwambia hapana, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza.

Niulize habari za kujiua siku hiyo hiyo?

Ndiyo. Kila mteja, kwa maneno ya wazi: "Umewahi kufikiria kujitoa uhai? Na siku hizi je?" Adabu yetu inatufundisha kuzunguka, na hapa mzunguko ni hatari. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Wengi hupumua wakipata wa kumwambia.

Jua pia kinachomfunga mdomo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai Tanzania. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka katiba. Sheria yetu inagusa jaribio, haigusi wazo, na mteja ana haki ya kulisikia hilo kutoka kwako. Akikubali kwamba anafikiria, muulize kama ana mpango, kama ana kitu tayari, na leo usiku atalala na nani. Kama hatari iko karibu, asiondoke peke yake. Tafuteni pamoja ndugu anayemwamini, aende hospitali siku hiyo hiyo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili.

Analalamikia kichwa na moyo kwenda mbio tu.

Amini kichwa chake. Muulize kama amepima presha, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo. Kama hajapima, aanzie huko huku mkiendelea kuonana. Huenda pia ni sonona inayosemea mwilini, na dodoso la kupima dalili zake, PHQ-9, lipo kwa Kiswahili: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Alama 10 na kuendelea ni za kufuatiliwa, ila hazitoshi kumbandika mtu jina la ugonjwa. Msomee wewe, usimpe karatasi na kalamu ukamwacha akihangaika.

Ameshapita kwa shehe, kwa mchungaji, na kwa mganga.

Vizuri, ana watu. Muulize kila mmoja alimwambia nini na kipi kilimsaidia. Swali la lazima ni moja: je, kuna dawa ya hospitali aliyoambiwa aiache?

Foleni ya Barabara ya Bagamoyo imemchelewesha dakika arobaini.

Mpe dakika zilizobaki, na bei ibaki ile uliyomtajia kabla hajafunga safari. Zikiwa chache sana, maliza mambo mawili, mipaka ya siri na swali la kujitoa uhai, kisha mpange siku nyingine, ikiwezekana asubuhi ya Jumamosi. Simulizi yake itasubiri.