Daktari aliyesikiliza mapafu



Vijana wanaochukua masomo ya sayansi huniuliza sana swali hili: utafiti una faida gani kiroho? Kuuguza wanaelewa, maana ni tendo la huruma lililo wazi. Lakini kukaa miaka na miaka unachunguza ugonjwa usio na dawa, je, huo nao ni utume? Leo nawaletea mtu aliyeishi ndani ya swali hilo, René Laennec, daktari, mtafiti na mwalimu wa udaktari Ufaransa, tena Mkatoliki kweli kweli.

Alizaliwa mwaka 1781 mjini Quimper, Brittany. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka mitano hivi, akalelewa na ndugu wa baba yake, daktari wa Nantes. Mwaka 1801 akaenda Paris kusomea udaktari. Hiyo ni Ufaransa iliyotoka kwenye mapinduzi: mapadre wengi walikuwa wameuawa au kufukuzwa, na wasomi wengi waliona dini ni mambo ya kizamani. Yeye, akiwa bado mwanafunzi, akajiunga na chama cha kitume cha Bikira Maria. Akasali na akasoma, basi.

Mwaka 1816, akifanya kazi hospitali ya Necker, alimpokea msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Kumgongagonga kifua kwa vidole hakukusaidia, kwa sababu alikuwa mnene. Ilibaki njia ya kuweka sikio moja kwa moja kifuani, lakini Laennec aliona haifai kumfanyia hivyo binti wa umri ule. Akakumbuka kwamba ukikwaruza ncha moja ya gogo kwa pini, mtu aliyeweka sikio ncha ya pili anasikia vizuri tu. Akachukua karatasi, akaikunja kama bomba, akaiweka kifuani. Mapigo ya moyo akayasikia wazi kuliko alivyowahi kuyasikia. Baadaye akachonga bomba la mbao, na ndiyo asili ya stetoskopu, kile chombo daktari anachoning'iniza shingoni. Mimi hapa huwa natafakari sana: kilichozaa chombo hicho ni staha. Angekuwa mtu wa kutojali utu wa mgonjwa, asingehitaji karatasi.

Lakini chombo ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ilikuwa ya uvumilivu. Alisikiliza wagonjwa wakiwa hai, akaandika kila sauti: mkoromo, mluzi, sauti kama ya chumvi ikirushwa motoni. Mgonjwa akifariki, alifungua kifua kuona ile sauti ilitokana na nini. Mwaka 1819 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu kusikiliza kifua, na madaktari wakaanza kutofautisha nimonia, maji kifuani na kifua kikuu, tena mgonjwa akiwa bado anapumua. Sisi wa falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba maarifa yetu huanzia kwenye hisi. Laennec alilifanyia kazi hilo kwa sikio.

Sasa turudi kwenye swali. Kifua kikuu hakikuwa na dawa. Mpinzani wake, daktari Broussais, alikuwa na jibu la haraka: karibu kila ugonjwa ni uvimbe wa ndani, basi mgonjwa abandikwe ruba wamnyonye damu. Broussais alipendwa, maana alionekana anafanya kitu. Laennec aliweza kukuambia ukweli wa pafu lako, ila kuliponya hakuweza. Hata yeye si kila kitu alikipatia. Hakuamini sana kwamba kifua kikuu huambukiza. Koch alimwona mdudu wake mwaka 1882, na streptomisini ikapatikana miaka ya 1940. Lakini huwezi kutafuta dawa ya ugonjwa usioweza kuutofautisha na mwingine. Someni Yoshua bin Sira 38: daktari naye anamwomba Bwana, na anaomba autambue ugonjwa, siyo kuuponya tu. Kwa hiyo ndiyo, vijana, kutambua nako ni utume, hata kama atakayepona kwa kazi yako hajazaliwa.

Mwaka 1822 Laennec akawa profesa Collège de France, na wanafunzi kutoka nchi mbalimbali walimfuata wodini. Afya yake ilikuwa mbovu muda mrefu. Mwaka 1826, mwaka ambao toleo la pili la kitabu chake lilitoka, alimwomba Mériadec, jamaa yake ambaye naye alikuwa daktari, amsikilize kifua na amwambie anachosikia. Sauti zile alizijua. Mwenyewe alikuwa amezieleza kitabuni. Zilikuwa za kifua kikuu. Akarudi Brittany, akafa tarehe 13 Agosti akiwa na miaka 45. Stetoskopu yake alimwachia Mériadec.